Kuni Zetu Zilikuwa Kavu

Mzungu mwenye meli alisema kuni zetu ni mbichi. Alisema hivyo mbele ya wanawake wote wa kijiji, mbele ya jumbe, na mbele ya mtoto wangu niliyekuwa nimembeba mgongoni. Mimi nikamjibu kwamba si kweli. Watu wanaoisimulia habari hii siku hizi husema nilizaliwa mkaidi. Sikatai. Lakini ukaidi wa siku ile ulikuwa na sababu yake, na sababu ilikuwa moshi.

Kwetu ni Bujonde, kwa watu wa jembe na migomba. Niliolewa ufukweni mwa ziwa, upande ule ambako milima inashuka mpaka majini na kuacha kipande chembamba cha mchanga cha kujengea nyumba. Huko hakuna shamba la maana. Wanaume wanavua, wanawake wanafinyanga vyungu. Wakati ule wa Mjerumani tulikuwa tunapakia vyungu kwenye mtumbwi, tunavuka ghuba mpaka Mwaya, tunavibadilisha kwa mpunga na mahindi ya watu wa bondeni, tunarudi. Mtumbwi mkubwa wa kubeba vyungu ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa wanawake. Mwanamume aliyeutaka aliuomba.

Nilipofika kwa mume wangu sikujua kufinyanga. Mama mkwe alinifundisha, naye hakuwa mwalimu mpole. Chungu changu kibovu alikibonyeza kwa dole gumba kikarudi kuwa udongo, bila kusema neno. Jambo alilolisema mara nyingi lilikuwa la kuchoma. Vyungu vinapopangwa ufukweni na kufunikwa kwa nyasi na kuni, moto wa kwanza uwe mdogo. Moshi utatoka mweupe, mzito, na utakaa. Usiongeze kuni. Ni maji yaliyobaki ndani ya udongo yanatoka. Ukiharakisha, yanapasua chungu. Moshi ukishakuwa mwepesi hata huuoni, hapo ndipo uchochee.

Basi meli ilipoanza kutia nanga pwani yetu, moshi wake haukunitisha. Ilikuwa meli ndogo ya chuma, ya mvuke, mali ya mfanyabiashara aliyekuwa akinunua mpunga na ngozi huku na huku kwenye ziwa. Alitufuata sisi kwa ajili ya kuni, maana mlima wetu ulikuwa na miti migumu, na akapatana na jumbe kwamba wanawake wakate, wakaushe, wapange ufukweni, naye atoe chumvi na nguo. Asubuhi walipoiwasha, dohani ilitoa moshi mweupe uliotanda juu ya maji kama ukungu, na watu wakajifungia ndani. Wengine walisema meli imekasirika. Mama mkwe aliweka mkono juu ya macho akautazama.

"Chuma kimelala kwenye baridi," alisema. "Kinatoa jasho."

Na kweli, jua halijapanda sana moshi ule ukaisha, ukabaki mwembamba wa kijivu, na meli ikaondoka zake.

Mwenye kuiwasha alikuwa fundi mmoja mtu wa pwani, wa bahari ya chumvi, aliyekuja mpaka ziwani kwa miguu na msafara wa wapagazi na hakurudi tena. Alikuwa na kofia iliyoshonwa mara nyingi na mikono iliyojaa makovu ya moto. Meli ikingoja mzigo, alikuja kukaa karibu na sisi tukifinyanga. Mimi nilimpa samaki wa kuchoma, yeye akanipa Kiswahili. Neno kwa neno. Alicheka nilipokosea, nami nilimcheka alipojaribu Kinyakyusa changu. Nilimwuliza juu ya ule moshi wa asubuhi, akanijibu karibu sawa na mama mkwe: dohani ikiwa baridi, mvuke unaopita ndani yake unageuka matone madogo, ndiyo weupe unaouona. Dohani ikipata moto, weupe unaisha. Siku hizi malori ya mpunga pale Kyela hufanya vilevile asubuhi za kipupwe, na abiria hulalamika bure. Wangoje kidogo tu.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, milima imeungua nyasi, ndipo moshi wa meli ulipobadilika. Nilikuwa wa kwanza kuuona kwa sababu nilikuwa na mazoea ya kuutazama. Haukuisha tena. Meli iliondoka nao, ikazunguka rasi nao, na hata ilipokuwa mbali kama bata juu ya maji, bado uliona kitu cheupe juu yake. Na ilikwenda polepole, kama mgonjwa.

Safari iliyofuata mwenye meli alishuka mwenyewe, akamwita jumbe, akasema wanawake wote waje ufukweni.

Hapa lazima nieleze jambo. Jumbe alikuwa mdogo wake baba mkwe wangu. Kwetu mwanamke haonani na baba wa mumewe wala ndugu za baba huyo. Hawezi kumtazama, hawezi kumtaja jina, hawezi kupita njia anayopita. Kwa hiyo jumbe alipokuja nilifanya kama nilivyofundishwa: nilivuta nguo kichwani, nikageuka, nikawapa mgongo. Wanawake wengine walikuwa wakitazama ziwa na mimi nilikuwa natazama mlima.

"Kuni hizi ni mbichi," Mzungu alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Meli yangu inatoa moshi mweupe kama jiko la maskini. Haina nguvu. Mnachukua chumvi yangu na kunipa kuni za maji."

Jumbe alianza kuifasiri, lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa. Maneno yalinitoka kabla sijayapanga.

"Kuni zetu ni kavu."

Nilisikia viatu vya Mzungu kwenye changarawe.

"Nani amesema?"

"Mimi," nikasema, bado natazama mlima.

"Mwambie ageuke."

"Hawezi, Bwana," jumbe akasema. "Mimi ni mkwe wake."

"Ananipa mgongo na ananibishia?"

"Mgongo ananipa mimi, Bwana. Wewe anakubishia tu."

Sijui kama jumbe alikusudia kunitetea au kulitoa jambo lile mabegani mwake. Wanawake wawili walikohoa ili wasicheke. Mzungu hakucheka. Alisema mtumbwi wetu wa vyungu utafungwa nyuma ya meli, na utakaa kwenye kamba yake mpaka aone kuni kavu na moshi safi. Watu wake wakaufungua palepale. Nilisikia ukiburutwa mchangani, sauti ile ninaijua vizuri, na sikuweza kugeuka kuona.

Nyumbani nilitegemea mama mkwe atanisema au atanisifu. Hakufanya lolote. Alichukua fimbo yake.

"Umeshasema," alisema. "Sasa twende tukaone kama umesema kweli."

Tukaenda kwenye rundo la kuni. Tulilipangua lote. Za juu zilikuwa kavu, ukizigonga zinalia. Za chini, zile zilizolala kwenye mchanga, zilikuwa zimenyonya maji ya ziwa, na baadhi zilikuwa na ukungu. Nilizishika na uso ukaniwaka moto. Si nyingi, lakini zilikuwepo.

"Unaona," mama mkwe akasema.

"Naona."

"Basi hizi ni zetu. Zitoe. Atakalosema baada ya hapo litakuwa lake."

Tulizitoa. Tukaleta mawe, tukapanga kuni upya juu ya mawe ili upepo upite chini, na jua la kiangazi halina huruma. Meli iliporudi, mtumbwi wetu ukifuata nyuma kama mbuzi wa kuuzwa, tuliwapa kuni ambazo ungeweza kuziwasha kwa cheche moja. Asubuhi wakawasha. Moshi mweupe. Tukangoja. Jua likapanda, tukangoja. Moshi mweupe vilevile, mzito vilevile. Mzungu alisimama mbele ya meli, akatunyooshea kidole. Mtumbwi ukaondoka tena.

Wakati huo ghalani kwetu palikuwa pameanza kuonekana sakafu. Vyungu vilikuwa vimejaa uani, na chungu hakiliwi.

Siku meli ilipotia nanga tena nilimfuata fundi. Alikuwa anafua shati kwenye mawe.

"Fundi, ule moshi ni wa nini?"

"Wa kuwasha, dada. Nilishakwambia."

"Wa kuwasha unaisha. Huu hauishi."

Alikamua shati, akalikunjua, akalikamua tena. "Dada, mimi nakula kwa mtu huyu."

"Na sisi tulikuwa tunakula kwa mtumbwi ule."

Akalianika shati juu ya jiwe. Nikaondoka nikiwa na hasira naye, kwa sababu nilimhesabu kuwa mtu wetu. Lakini kesho yake, wakati wa kupakia kuni, alimwambia msimamizi wa mzigo kwamba wanawake wapande wazipange wenyewe karibu na moto, ati wapagazi wanazitupa ovyo. Nikapanda na tita langu la kuni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga chuma kinachoelea. Ndani palikuwa na joto na harufu ya mafuta. Fundi alifungua mlango wa tanuri na kunionyesha kwa kidevu, bila kuacha kazi yake.

"Moto umeshakuwa mwekundu, sivyo?"

"Mwekundu kabisa."

"Na kule juu moshi?"

Nilichungulia. "Mweupe."

"Sikiliza sasa."

Nikasikiliza. Ndani ya moto kulikuwa na sauti ndogo, kama ya tone la maji linaloangukia kikaango. Likaja jingine. Kisha akachukua koleo, akachota majivu ya pembeni na kunisogezea. Niliyagusa. Nimechoma vyungu miaka mingi tangu hapo, na sijawahi tena kugusa majivu ya namna ile: chini ya moto mkali, yalikuwa yamelowa, yameshikana kama ugali.

"Ndani ya pipa hili la maji kuna mirija ya chuma," alisema kwa sauti ya chini. "Moto unapita ndani ya mirija, maji yamezunguka nje. Mrija ukitoboka, maji yanamwagika kwenye moto. Moshi wa kuwasha, uache. Utazame moto ukishashika. Ukibaki mweupe, basi unachokiona si moshi, ni maji ya meli yanaondoka kupitia dohani." Akagonga kioo kirefu kilichokuwa ubavuni mwa pipa. "Maji nayapima hapa. Yanashuka hata meli ikiwa imesimama."

"Umemwambia?"

"Mrija wa kwanza tuliuziba kwa kigingi cha chuma. Yeye mwenyewe alinishikia taa. Sasa umetoboka wa pili."

"Kwa hiyo anajua."

"Anajua kuliko mimi. Mirija mipya inatoka Ulaya, inapita kusini mwa ziwa, inachukua miezi. Akisimamisha meli sasa, mpunga wa bondeni unanunuliwa na wengine. Wanunuzi wakiuliza kwa nini amechelewa, anasema kuni. Kuni haziwezi kumjibu."

Nilishuka mikono mitupu. Mpaka saa ile nilidhani tunabishana na mtu aliyekosea. Mtu aliyekosea unaweza kumngoja, kama ulivyongojewa wewe mwenyewe ukijifunza. Huyu alikuwa anajua. Alitazama wanawake wanaoshuka mlimani na mizigo kichwani, akachagua kuwasingizia, kwa sababu tulikuwa karibu na hatukuwa na mtu wa kumwendea.

Niliwaeleza wanawake jioni, tukiwa tunasugua vyungu. Sikumtaja fundi. Mmoja wao, jirani yangu ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, aliuliza, "Vyungu vya kuchoma tunavyo?"

Tulikuwa navyo tele.

Asubuhi tulivipanga palepale mbele ya meli, na kuni za kuchomea tulizichukua kwenye rundo la Mzungu, yeye akiona. Alishuka kuja kutuzuia, lakini nadhani naye alitaka kuona tunafanya nini, akasimama. Tuliwasha. Moshi mweupe ukapanda. Akatabasamu. Mama mkwe alikaa na fimbo yake magotini hakumtazama. Tulingoja kama tunavyongoja siku zote, na moshi ukapungua, ukawa mwembamba, ukaisha. Tukachochea. Vyungu vikawa vyekundu kama ndani ya mdomo, na juu yake hakuna kitu ila hewa inayotetemeka. Hata wapagazi wake waliona. Nyuma yake dohani ya meli ilikuwa bado inafuka moshi mweupe.

Nilitegemea nini? Nilikuwa kijana. Nilidhani mtu akionyeshwa kitu mchana kweupe, atakubali.

"Kuni ni za kwangu, na meli ni ya kwangu," alisema. "Nikisema mbichi, ni mbichi. Leteni nyingine."

Akageuka kurudi majini. Hapo mama mkwe akanyanyuka, taratibu kama mtu anayekwenda kuota jua, akaenda kwenye rundo la kuni, akapanda, akakaa juu yake.

"Kama ni mbichi," alisema kwa Kikisi, lugha ya ufukweni, "tutazikalia mpaka zikauke."

Nikapanda nami. Jirani yangu akapanda. Wote wakapanda, na watoto wao, na mwingine na udongo wake akaendelea kufinyanga palepale juu. Wapagazi walikuja kuchukua kuni wakatukuta tumezikalia, na hakuna mwanamume aliyekuwa tayari kumvuta mama wa mtu kwa mguu mbele ya kijiji. Jumbe aliitwa. Nikageuka nikatazama mlima.

"Shemeji," alimwambia mama mkwe, "mnaniua. Huyu anapeleka habari kwa wakubwa huko Tukuyu. Watanivua cheo, au watanichapa."

"Shemeji," mama mkwe akamjibu, "wewe umekula kwenye vyungu vyangu kabla hujaota ndevu. Je, niliwahi kukupa chungu kinachovuja nikakwambia macho yako ndiyo mabovu?"

"Hapana."

"Basi mwambie huyo."

Hakumwambia. Lakini pia hakutushusha. Alirudi nyumbani kwake, akasema anaumwa tumbo, na nadhani lilikuwa linauma kweli.

Mzungu aliwatuma wapagazi wake mlimani wakakate wenyewe. Walikata miti ya karibu, yenye majani, utomvu ukitiririka. Sasa ndipo alipokuwa na kuni mbichi.

Sisi hatukuweza kukaa pale milele, chakula kilikuwa kimekwisha. Tukagawana. Wazee wakabaki kwenye kuni, na sisi wenye nguvu tukajitwika vyungu kwenda bondeni kwa miguu. Njia ya ufukweni kule ni mawe matupu; mahali pengine unashuka majini mpaka kiunoni kuuzunguka mwamba, chungu kichwani, mtoto mgongoni. Jirani yangu aliteleza na vyungu vyake vyote vikaenda. Alisimama akavitazama vinavyozama, akafuta uso, akapokea kimoja changu na kimoja cha mwingine, tukaendelea. Tulilala njiani kwa watu, na tulipofika Ipinda, huko bondeni, miguu ilikuwa imevimba. Wanawake wa pale walitupokea kwa salamu ya "Mugonile", tukajibu "Ndaga", wakatuuliza mtumbwi uko wapi. Tulipowaeleza walitupimia mpunga bila kubana mkono.

Mimi nilipita Bujonde kumwona mama yangu mzazi. Alinitazama miguu.

"Umevuka mawe yale na vyungu kichwani kwa sababu ya moshi?"

"Kwa sababu ya uongo, mama."

"Haya. Kula kwanza."

Tuliporudi tulikuta watu wote wamesimama ufukweni wanatazama ghuba. Meli iliondoka asubuhi ile, wakatwambia, na kuni zake za majani. Ilitoka imefunikwa na moshi kiasi cha kutoonekana. Ilipofika katikati ya ghuba ukasikika mshindo, si mkubwa, kama wa mtungi unaoanguka mbali. Wingu jeupe likapanda mara moja, likatawanyika, na baada ya hapo dohani haikutoa kitu chochote. Meli ilikuwa inaelea kiubavu, upepo ukiisukuma kwenye mawe, mpaka walipofanikiwa kutia nanga.

Kisha tukaona mtumbwi wetu unakuja.

Ulikuwa umekaa juani muda mrefu bila kutunzwa na ulikuwa na nyufa. Wapagazi walikuwa wanapiga kasia, na Mzungu alikuwa amekaa katikati anakomba maji kwa kofia yake. Fundi alilala mbele, mkono wake wa kulia umevimba na ngozi imetoka kuanzia kiwiko. Mrija ulipasuka akiwa mlangoni mwa tanuri. Hakufa mtu, na nashukuru kwa hilo mpaka leo, maana wapagazi wale hawakuwa wametukosea.

"Poleni na safari," mama mkwe aliwaambia, na hakuwa anadhihaki. Tulimshusha fundi kwanza. Tulimmwagia maji ya ziwa mkono ule mpaka akaacha kuuma meno, tukaulaza kwenye jani changa la mgomba lililopakwa asali. Baada ya hapo wanawake wakaniangalia, nami nikaangalia mtumbwi. Tukaushika pande zote mbili, tukaunyanyua.

"Uacheni huo," Mzungu akasema.

Jumbe hakuwepo, bado alikuwa na tumbo lake. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumgeuzia mgongo. Niligeuka nikamtazama usoni. Alikuwa amelowa, masizi kwenye ndevu, mdogo kuliko nilivyomfikiria kwa sauti yake.

"Wewe ni yule mwanamke," alisema.

"Ndiye. Na mtumbwi huu ni wetu, tunauchukua."

Nilikuwa naogopa. Mtu akikwambia hakuogopa watu wale siku zile, amesahau. Kiboko kilikuwepo, na kamba ya shingoni ilikuwepo, na kila mmoja wetu alikuwa amewahi kuviona. Lakini mikono yangu ilikuwa tayari imeshika ubao, na mikono ya wenzangu pia, tukaendelea kutembea. Tuliupeleka mpaka uani kwa mama mkwe, tukaufunika kwa nyasi mbichi ili usiendelee kupasuka, na siku iliyofuata tukaanza kuuziba.

Malipo yalikuja, sitasema hayakuja. Agizo lilitoka kwamba kijiji chetu kitoe wanaume wa kuchimba barabara ya kupanda Tukuyu, na aliyetajwa wa kwanza alikuwa mume wangu. Hakuwa amefanya lolote, siku zote zile alikuwa ziwani na nyavu zake, na aliporudi na kukuta nimekaa juu ya kuni alisema tu, "Ungeniambia kwanza." Alikwenda, akakaa huko msimu mzima wa mvua, akarudi amekonda, na goti moja ambalo halikukunjika vizuri tena. Alinilaumu mwaka mzima. Niliwapikia wote wawili, yeye na lawama zake. Sikumwambia kwamba nilikosea kwa sababu sikukosea, na sikumwambia kwamba goti lake halinihusu, kwa sababu lilinihusu. Nililikanda kwa maji ya moto kila jioni. Hayo mawili yanaweza kukaa katika nyumba moja.

Mirija ilikuja hatimaye, na meli ikatengenezwa. Mwenye meli alihitaji kuni tena, na miti migumu ilikuwa kwetu. Safari hii jumbe mwenyewe alimwambia masharti, na nasikia alisimama wima akiyasema: kuni zitagongwa na kutazamwa ufukweni, mbele ya pande zote mbili, zikishapanda melini ni za meli, na moshi wake ni wa meli. Mtumbwi haufungwi kwa kesi yoyote. Mzungu alikubali kwa kuinamisha kichwa. Ilidumu hivyo mpaka vita vilipokuja na kuchukua meli, wanaume na kila kitu.

Fundi hakungoja mirija. Mkono ulipopona, ukiwa umejikunja kidogo vidoleni, alisema atatafuta kazi ya nchi kavu, akapanda njia ya milimani na msafara wa wachuuzi wa chumvi. Kiswahili chake ndicho ninachoandikia maneno haya, maana nilikuja kujifunza kusoma na kuandika misheni nikiwa tayari mama wa watoto wengi.

Mume wangu, goti likishamzoea, alianza kuisimulia habari ile kwa wavuvi wenzake wakianika nyavu. Kila mwaka aliiongeza kidogo. Ilifika mahali ambapo eti ni yeye aliyetushauri tukalie kuni. Nilimwacha, alikuwa ameilipia vya kutosha. Lakini siku moja nilipita na mtungi wa maji nikamsikia anawaambia kwamba tulikuwa tunalia pale juu ya kuni, wanawake wote, na watoto wetu. Nikatua mtungi.

"Hakuna aliyelia," nikawaambia, nikajitwika tena, nikaenda zangu.